Mama Majani, Kifaranga Wako Amekua

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke, na uani kwako mchicha unaota tu kama vile haujapata habari.

Kliniki ulikopima watoto walikuita Mama Majani. Ulikuwa ukimshusha mtoto kwenye mzani, unamgeukia mama yake kwa upole, unamuuliza, "Nyuma ya nyumba yako kumeota nini?" Naye anajibu, "Magugu tu, dada." Unacheka. "Haya, twende nikayaone hayo magugu." Kesho yake mmeinama wawili mnachuma majani ya maboga, ya kunde na mchicha pori. Hukumwaibisha mtu hata siku moja.

Nyumbani nako hatukupumua. Mlonge mlangoni, mlonge kwenye makopo ya rangi! Siku wakwe zangu walipokuja kujitambulisha, Baba alitaka ua upendeze, akafyeka kila kitu ukabaki mweupe pe. Jamani, siku ile! Ulimfokea, "Mzee, umefyeka chakula cha mtoto!" Ikabidi Baba, na suti yake, aende kwa jirani na kikapu kuomba majani, wakwe wakimtazama.

Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wetu Kifaranga, mwana wa mama mdogo, uliyemchukua mama yake alipofariki. Alikuja na utapiamlo mkali; hospitali walimwokoa, lakini alirudi mikono imebaki njiti, nywele nyekundu, chakula hataki. Majirani walinong'ona kwamba hatafika mbali. Wewe ulimrudisha kwa daktari kila ulipoambiwa, na nyumbani ukamkorogea uji wa karanga na majani yaliyopondwa, kijiko kwa kijiko, ukimwimbia na kumtania. Haba na haba. Mpaka asubuhi moja akakusukumia bakuli tupu, akasema, "Tena." Ulikimbilia jikoni ukajifanya unasugua sufuria, kumbe unalia kwa furaha. Sote tulikusikia.

Asante, Mama. Asante sana.

Siku ya kukuzika, wanaume walipotaka kupokezana jeneza, mmoja alikataa katakata. Alikuwa Kifaranga, bega lake sasa pana kuliko la Baba. Alisema, "Huyu alinibeba mimi. Niacheni nimfikishe." Akakufikisha.

Tunaokukumbuka ni mumeo, mimi bintiyo mkubwa na wadogo zangu, wakwe na wajukuu zako, wenzako wa kliniki, na Kifaranga. Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.