Msamaha wa Sehemu ya Kumi na Nne

Jumatatu, 12 Januari

Kufua mashuka tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mashine ya tatu imegoma tena. Mvua wakati natoka Molenbeek, mvua nafika kazini Laeken, mvua narudi. Saa tisa mchana niko kitandani na soksi mbili mbili, simu mkononi. Sehemu ya kumi na nne imetoka.

Nimekasirika. Sina wa kumwambia, kwa hiyo naandika.

Tamthilia yenyewe ni ya Kikorea, ya polisi na mauaji. Tunaiangalia mimi na mdogo wangu Zuhura, yeye Morogoro, mimi huku Brussels. Tunaipata kwenye grupu la DJ, wale wanaoweka sauti yao juu ya picha na kutueleza kwa Kiswahili. Sauti zote ni za DJ mmoja, steringi yeye, bibi kizee yeye. Tukimaliza tunatumiana sauti, tunasuta wabaya. Ndiyo starehe yetu tangu mama afariki.

Miezi miwili tunamtafuta aliyemuua binti wa yule mama muuza supu. Kumbe jirani! Yule yule aliyekuwa anamletea mkate kila asubuhi ya msiba. Aliyebeba picha ya marehemu barabarani na kulia kuliko wenye msiba wao. Leo inspekta kampeleka mama gerezani akamwone. Jirani kapiga magoti. Mama kamtazama, kamtazama, chozi likashuka. Halafu DJ, kwa sauti nyembamba: "Jirani yangu, nimekusamehe. Nenda kwa amani. Tusahau yaliyopita."

Ebo! Amani ya nini? Mtoto yuko kaburini wewe unagawa amani? Sehemu kumi na tatu nakulilia, mwanamke wewe, macho yamenivimba mpaka kazini wameniuliza, na mwisho unanifanyia hivi. Nimeitupa simu.

Sijala. Sina hamu.

Jumanne, 13 Januari

Sauti ya Zuhura. Nimeisikiliza wakati wa mapumziko, nimesimama kati ya vikapu vya mataulo. Nilitegemea atasuta kama mimi. Anasema: "Dada, mimi nimempenda yule mama. Kama yeye kamsamehe aliyemuulia mwana, mimi wa mkono tu ni nani?"

Mkono tu.

Shabani, mumewe, kamvunja mkono wa kushoto wiki tatu zilizopita. Kaubana kwenye mlango, kausukuma mlango. Sababu sitaki hata kuiandika, haina maana. Zuhura yuko kwa shangazi tangu siku ile, mkono umefungwa mpaka juu ya kiwiko. PF3, ile fomu ya polisi, anayo. Daktari keshaijaza. Kilichobaki ni kuirudisha kituoni, na hajairudisha, kwa sababu Jumapili kuna kikao kwa Baba Mkubwa. Wanataka kuyamaliza kifamilia.

Navijua vikao hivyo. Shabani atakuja na mjomba wake na kofia safi. Atatazama mkeka. Atasema shetani alimpitia. Wazee wataitikia, dua itasomwa, wali utaletwa, na fomu itachanwa. Na Zuhura ataambiwa akapakie nguo zake.

Na sasa anarudi kwa hiari, eti kwa sababu ya sinema.

Jumatano, 14 Januari

Baba Mkubwa naye katuma sauti. "Mwanangu Rehema, wewe ndiye mama yake sasa. Jumapili tutakuweka kwenye spika, utoe neno la busara. Usituvunjie nyumba ya watu ukiwa Ulaya."

Nyumba ya watu! Mkono wa mtu umevunjwa, yeye anahesabu nyumba. Mtu mzima hovyo kabisa.

Sijamjibu. Nimefua, nimekunja, nimerudi. Halafu nimekaa jikoni na koti mwilini.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Mwaka juzi ilikuwa jino, Shabani alimvunja. Kikao kilikuwa vile vile, mkeka ule ule. Waliniweka kwenye spika, nikasema: "Zuhura mdogo wangu, rudi, mvumilie mwenzio, ndoa ndivyo zilivyo." Nilikuwa kwenye kituo cha tramu, nina haraka, nilitaka yaishe. Wakanisifu. Baba Mkubwa alisema nimekomaa.

Kesi ya jino lile mimi ndiye niliyeimaliza. Najichukia.

Alhamisi, 15 Januari

Nimegombana na Maman Béa.

Maman Béa ni wa Lubumbashi, tunakunja mashuka pamoja mwaka wa nne sasa, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili. Kiswahili chake na changu vinapishana njiani lakini vinafika. Na yeye anaiangalia tamthilia ile ile, kwake, kwenye televisheni, na maandishi ya Kifaransa chini. Hatujawahi kuizungumza sana kwa sababu yeye hutangulia na mimi sitaki kuambiwa mbele.

Leo nilikuwa nimejaa. Nikaanza kumsuta yule mama muuza supu, kwamba hana uchungu, hana haya, kamuuza mwanawe kwa machozi ya mwanamume. Maman Béa akasimama na shuka mkononi.

"Haina vile, Rehema. Ule maman hakusamehe ata kidogo."

Nikamwambia kasamehe, nimesikia kwa masikio yangu. Akasema masikio yangu ni ya nini wakati yeye kasoma. Nikasema kusoma Kifaransa si kujua Kikorea. Akasema na DJ wangu alisomea Kikorea wapi, mu soko? Nikamwambia anajifanya anajua kila kitu. Kaniachia shuka lote limeanguka chini, safi, limebidi lirudi kwenye mashine.

Mchana kakaa meza yake, mimi yangu. Nimekula mkate mkavu kwa hasira. Miaka minne hatujawahi kukaa mbali.

Ijumaa, 16 Januari

Maman Béa kanifuata kwenye kabati la nguo asubuhi, kabla hata sijavaa koti la kazi. Hakunisalimia. Kaniwekea simu yake mbele ya macho. "Tazama. Nyamaza, utazame."

Nimetazama. Kile kile chumba cha gereza. Jirani kapiga magoti. Mama anamtazama. Chozi linashuka. Na hakuna sauti. Hakuna muziki hata. Chini hakuna maandishi. Nikangoja. Maman Béa kanionyesha vidole viwili: "Deux minutes, hein. Deux minutes hasemi kintu." Dakika mbili nzima.

Halafu mama akasema kitu kifupi. Maandishi nimeyasoma mwenyewe, ni maneno matatu, hayakunishinda. *Sema jina lake.*

Jirani akafungua mdomo. Akalia. Akasema mtoto wako, akasema yule binti. Mama akarudia. Jina la mtoto halikutoka. Mama akachukua mkoba wake akaondoka. Basi. Hakuna jirani yangu, hakuna amani, hakuna tusahau.

Wiki nzima namtukana mwanamke wa watu kwa maneno ambayo hakuyasema. Na Zuhura, Mungu wangu, Zuhura anataka kurudi kwa Shabani kwa maneno hayo hayo.

Nimemwomba Maman Béa msamaha. Kasema "bon" na kunipa nusu ya andazi lake.

Mapumziko nimeandika kwenye grupu, mbele za watu: DJ, mama kasema wapi kwamba kasamehe? Kanijibu, tena na kicheko: "Dada, pale walinyamaza sana. Nikinyamaza na mimi, watu wanadhani faili limeharibika. Nikampa maneno ya kutuliza moyo."

Maneno ya kutuliza moyo! Moyo wa nani? Nimemwandikia kwamba kuna mwanamke ana mkono kwenye plasta ameyaamini maneno yake. Nimemwandikia mambo mengine pia. Dakika tano baadaye nimetolewa kwenye grupu. Pumbavu.

Nimempigia Zuhura. Nimemweleza. Kaguna. Kasema dada unasema hivyo kwa sababu hutaki nirudi. Hakuniamini! Na kwa nini aniamini? Mwaka juzi nilimwambia vingine.

Jumamosi, 17 Januari

Leo hatufanyi kazi. Kwa Maman Béa, nyumba mbili kutoka kituo cha tramu, saa saba mchana. Kapika sombe, kisamvu chao, na samaki, nyumba nzima inanukia. Simu yangu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari, inatazama televisheni. Zuhura yuko upande wa pili kwa video, kwenye kochi la shangazi, mkono umelala kwenye mto.

Tumeiweka sehemu ya kumi na nne tangu mwanzo. Maman Béa anasoma Kifaransa na kuniambia kwa Kiswahili chake, mimi namwambia Zuhura kwa chetu. Yaani maneno yametoka Korea yamezunguka dunia yakafika Morogoro kwa mguu. Tumecheka mwanzoni. Maman Béa anamsonya inspekta kila akitokea, anasema ule monsieur suruali inamubana.

Kufika gerezani tumeacha kucheka.

Mama kanyamaza. Mimi nimenyamaza. Na hapa niandike: nilitaka kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Sikusamehe milele, muuaji we. Nani angejua? Zuhura haelewi Kikorea wala Kifaransa. Ningemtia mama maneno yangu badala ya yale ya DJ na kesho ingekuwa salama. Nimeuma mdomo.

Zuhura akauliza: "Kasema nini?"

Nikamwambia hajasema kitu.

"DJ alisema."

"DJ ndiye aliyesema. Yeye hajasema."

Kwenye simu namwona kasogea karibu mpaka uso umejaa kioo. Dakika mbili ni ndefu jamani. Friji ya Maman Béa inasikika. Kisha Maman Béa, taratibu: "Sema jina yake." Nami nikasema: sema jina lake.

Tulipomaliza Zuhura hakusema chochote kuhusu kesho. Kauliza tu kama yule jirani alilisahau jina au aliogopa kulitaja. Maman Béa kasema mutu kama ule anaogopa. Zuhura kaaga, eti mkono unawasha.

Sijui kama nimefanya kitu au sikufanya.

Jumapili, 18 Januari

Kikao saa nne yao, saa mbili yangu. Nimeamka saa kumi na moja nikaandika ukurasa mzima wa neno langu la kutoa. Matusi ya adabu, yale ya kuanzia na "kwa heshima zenu wazee wangu". Nimelisoma mbele ya kioo. Shabani nimempasha, Baba Mkubwa nimempasha, mjomba mtu pia.

Wameniweka kwenye spika. Salamu zimechukua robo saa. Dua. Shabani kaombwa aseme. Sauti yake laini, ya mtoto wa madrasa. Yaliyotokea yametokea, wazee wangu, shetani alinipitia. Mjomba wake kasema kijana ameungama. Wengine wakaitikia.

Baba Mkubwa: "Rehema, mwanangu, toa neno."

Karatasi ninayo mkononi. Nimeitazama. Mwandiko wangu, hasira yangu, kila neno la kwangu. Zuhura kakaa pale kwenye mkeka, wiki tatu kila mtu anamsemea, na mimi nilitaka kuongeza.

Nikasema: "Neno analo Zuhura."

Baba Mkubwa kakohoa. Kasema mwanangu wewe ndiye mkubwa. Nikarudia. Nilidhani simu imekata, nikatazama kioo, sekunde bado zinahesabika.

Halafu sauti ya mdogo wangu, ndogo. "Shabani. Sema ulichofanya."

Kasema nimeshasema, yametokea.

"Sema ulichofanya."

Baba Mkubwa kaingilia: binti, mtu keshaomba radhi, unataka nini tena? Zuhura hakumjibu. Alingoja. Wote tulingoja. Hakuna aliyempa Shabani neno, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika ukoo wetu.

Mwishowe kasema: "Mlango ulijifunga."

"Mlango!" Huyo shangazi. Kalisema mara moja tu lakini kwa ile sauti yake ya kufukuza kuku.

Zuhura hakupiga kelele. Kasema shangazi, twende. Nimesikia kanga ikipita karibu na simu, nimesikia viatu. Baba Mkubwa akaanza kunigombeza mimi, kwamba nimeleta Uzungu kwenye mkeka wa wazee. Nimemwacha aseme mpaka salio likamwishia.

Karatasi yangu nimeichana. Nimelala mchana kutwa.

Jumanne, 20 Januari

Fomu imerudishwa kituoni jana. Zuhura na shangazi. Wamewekwa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane, wakaambiwa afande hayupo, shangazi kasema tutamngoja, wakamngoja. Alipofika, kaandika yote. Zuhura katamka mwenyewe, kasema mkono, mlango, nani, saa ngapi.

Baba Mkubwa hanisemeshi. Sawa.

Baada ya kazi nimekwenda kwa Maman Béa. Sehemu ya kumi na tano. Simu kwenye kopo la sukari, Zuhura kwenye video. Yule mama kafungua duka lake la supu peke yake, anafuta meza, anapanga viti, anakaa. Hakuna mteja.

Zuhura akauliza kama kuna kitu wanasema.

Nikamwambia hapana.

"Basi tungoje," kasema, akajifunika kanga miguuni.