Saa ya Stesheni Imewaka

Ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate,
Tarehe 9 Juni.

Cheche amepewa ufunguo! Ufunguo wa karakana ya stesheni, ile yenye dirisha linalotazama reli, na sasa anaitwa fundi, si kibarua tena. Saa imewaka, mdogo wangu. Imewaka nikiiona kwa macho yangu haya mawili!

Haya, ngoja nikae vizuri nikusalimu kama watu. Mpendwa mdogo wangu, hujambo? Shemeji hajambo? Na hilo goti lako, siku hizi linakuacha ulale? Sisi huku wazima wa afya, ila mimi sauti imenikauka kwa kusimulia. Muuza mikate nimemwambia mara mbili, akajifanya ndiyo kwanza anasikia, Mungu ambariki.

Saa yenyewe unaikumbuka. Ile ya ukumbini, yenye vioo vinne, ndani ya kila kioo tarakimu za waya mwembamba zinazowaka rangi ya kaa la moto. Ilizimika zamani, ikabaki kukusanya vumbi. Mkuu wa stesheni akamwambia Cheche, mwanangu na mwanao: ukiiwasha, karakana ni yako. Ukiunguza kioo hata kimoja, saa inakwenda kwenye chuma chakavu, nawe unarudi kubeba nyaya. Vioo vile havitengenezwi tena, mdogo wangu, na akiba hakuna.

Sasa sikiliza kazi ya mwanao. Umeme uliopo pale ni wa volti kumi na mbili tu, umeme mpole, na vioo vinataka karibu mia na themanini ndipo viamke. Alinieleza nikiwa nakunja nguo. Transista inafungulia umeme, transfoma inaujaza kifuani kama mtu anayevuta pumzi. Transista ikiukata ghafla, pumzi ile inatokea upande wa pili kwa nguvu, inapita kwenye diodi, ambayo ni mlango wa kutoka tu, kisha kapasita inaipokea na kuituliza. Maelfu ya pumzi ndani ya kufumba na kufumbua! Tangu siku hiyo nikimsikia shemeji yako amesinzia kitini, nawaza transfoma. Shule niliiacha mapema, unajua, lakini sitaki kujisifu, kile kichwa mtoto amekitoa kwangu.

Meza ya chakula ikawa ya vipuri, sisi tukala sahani mapajani. Cheche alikuwa anainua kila kimoja kwenye mwanga wa dirisha, anasoma maandishi madogo kama mayai ya chawa, anauliza peke yake: wewe unabeba volti ngapi? Na ukistuliwa je? Transista alichagua ya nguvu kuliko ilivyohitajika, maana umeme ukikatwa unarusha teke. Kapasita vilevile. Mimi nilikaa pembeni na chai yangu, nikawa naona vile vipuri kama mji mdogo, na mwanangu anawatafutia wakazi nyumba.

Diodi ndiyo iliyotutoa jasho. Alichukua inayovumilia volti elfu moja, hodari haswa. Bahati njema hakufunga vioo kwanza, alifunga rezista mahali pavyo, kipuri rahisi cha kula umeme tu, ili ajaribu. Transfoma ikaanza kulia kama mbu, diodi ikapata moto, mara moshi. Fundi cherehani wa chini akapiga kelele, ‘Mama Cheche, mwanao anatuchomea nyumba!’ Nikamjibu kutoka dirishani, ‘Anachoma wivu wako, shona!’ Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha.

Cheche alikaa sakafuni. Kisha akaniambia, ‘Mama, hii nimeichagua kwa woga. Nimetazama nguvu, sikutazama wepesi.’ Kumbe diodi ile ni nzito kufunga mlango, umeme unageuka na kurudi ndani kabla haijaamka. Fundi redio aliyemfundisha kazi alipoambiwa alicheka hadi miwani ikamvuka: ‘Umeajiri bawabu wa miraba minne, halafu analala!’ Cheche akaweka nyingine ya volti mia sita tu, lakini nyepesi kama kope. Transfoma ikanyamaza. Alipozima, nikagusa diodi kwa kidole, vuguvugu tu.

Ndipo akaleta vioo. Ilikuwa alasiri, tukatundika blanketi dirishani. Shemeji yako akashika ukingo wa kitanda kama yuko melini. Akawasha.

Sijui nikuambieje. Viliamka kimoja kimoja, polepole, mwanga wa chungwa laini, na tarakimu zikawa zinaelea: moja inasogea mbele, nyingine inarudi nyuma, kama nyuso za watu wanaopita nje ya dirisha. Chumba kikapoteza kuta. Nikamwona marehemu mama amesimama ukumbini, ametushika mikono mimi na wewe, anatusomea saa. Kelele za mtaani zilikuwa mbali, kama za mji mwingine. Hakuna aliyetaka kuondoa blanketi.

Mkuu wa stesheni alipanda ngazi zetu kesho yake, akahema, akavua kofia. Alitazama muda mrefu. Kisha akaweka ufunguo mezani, katikati ya vipuri, akasema, ‘Fundi, siku ya kuiwasha ukumbini utachagua mwenyewe.’ Fundi! Shemeji yako akatoka kwenda kufuta viatu ambavyo vilikuwa safi.

Na mwanao amechagua. Aliuliza treni ya kwenu inafika lini, akakataa siku nyingine zote. Anasema swichi haibonyezwi kabla hujashuka, mama yake mdogo.

Nisalimie shemeji, mapacha, na shangazi mkorofi, mwambie simwogopi tena. Mungu akulaze salama na akuamshe na nguvu za kubeba mzigo mmoja tu, maana mengine yote yapo huku. Mimi dada yako nikupendaye kuliko ninavyoandika, mama yake fundi, ninakungoja stesheni pamoja na ukoo mzima, Jumamosi, tarehe 28.