Mtaala Uliofungiwa Kabatini

Mama yangu,

Shikamoo. Zuhura mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea, basi soma kama ilivyoandikwa, usimpunguzie mama maneno kwa kuogopa presha yake. Mama, presha yenyewe vipi? Unameza dawa, au bado unasema dawa za hospitali zinakulegeza? Na magoti je, yanakuruhusu kushuka sokoni na tenga la machungwa? Mimi mwili ni mzima. Huku mvua bado hazijakata, barabara ya kutoka Mpanda ni tope tupu, juzi bodaboda alinishusha kila palipo na bonde tukasukuma pikipiki. Hayo nimeshayazoea. Kilichonijaa moyoni ni hasira, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Kwanza mwambie mjomba aache kuhangaikia uhamisho wangu. Najua nilimwomba mwenyewe, tena kwa machozi. Sasa siondoki, na nitakueleza kwa nini.

Nafundisha darasa la pili, kama unavyojua. Watoto wengi ni wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, na wengine nyumbani kwao wanaongea Kirundi. Kiswahili wanakikuta shuleni. Wamefika kwangu hawawezi hata kuunganisha ba na ba wakapata baba. Yupo mmoja, Kabula, binti wa Mzee Masanja. Mwaka ulipoanza alikuwa anashika kitabu na kuimba maneno aliyoyadaka kwa wenzake, macho yakiwa dirishani. Nikasema siendi popote mpaka huyu asome. Nikarudi nyuma na darasa zima, tukaanza na silabi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Nchi ina mtaala, mama, yaani mwongozo wa shule zote: mtoto wa darasa fulani aweze nini, na mwalimu amfikishe vipi. Ni kitu kizuri. Mwalimu anatakiwa akae nao, aangalie watoto alionao, kisha aandike azimio la kazi, ambalo ndilo mpango wake wa mwaka. Sisi hapa hatuandiki. Mwalimu mkuu wetu huenda mjini, kwenye duka la kuchapisha, ananunua maazimio yaliyokwisha kuandikwa na kutugawia. La kwangu limetungwa huko pwani. Jina la shule ya watu limefutwa kwa wino mweupe na letu likaandikwa juu yake. Linasema wanafunzi wapelekwe ufukweni wakaokote makombe ya baharini ya kuhesabia. Watoto wa huku, mama, bahari wanaisikia redioni. Siku ya kwanza nilicheka. Sicheki tena.

Mkuu aliniambia niandike tu kuwa somo la makombe limefundishwa, nisonge mbele. Nikakataa. Sisi tulihesabu punje za mahindi, na Kabula akahesabu ng'ombe wa baba yake, rangi kwa rangi.

Wiki hii akaja mthibiti ubora, yule ambaye nyinyi zamani mlimwita mkaguzi. Akapitia madaftari, akaniuliza mbona niko kwenye silabi wakati azimio liko mbali. Nikamwambia ukweli wote, na makombe nikayataja. Mkuu akawa anakohoa. Nikaomba kitu kimoja, mtaala wenyewe uletwe tuusome, maana tangu nifike hapa sijaushika. Umefungiwa kabatini ofisini kwa mkuu. Anasema usichafuke, wageni wakija waukute mpya.

Kabati likafunguliwa. Vitabu bado vilikuwa ndani ya nailoni. Nikaichana mwenyewe mbele yao, nikatafuta, nikawasomea palipoandikwa kuwa mwalimu atumie vitu vya mazingira ya watoto, tena ahakikishe mtoto ameshaweza kabla ya kumpeleka mbele. Yaani yale yale ninayogombezwa kwa kuyafanya. Nikasubiri. Mgeni akavishika vile vitabu, akavigeuza, akamwambia mkuu, "Hongera, mmevitunza vizuri."

Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe fuata azimio. Upimaji wa taifa hauwezi kusubiri watoto wako."

Watu wazima wawili, wasomi, wamefungia taa kabatini halafu wanatukaripia kwa kujikwaa gizani. Wakaenda kula kuku tuliyemchangia sisi walimu, na kabati likafungwa. Jioni mkuu akaniita. Akasema Jumatatu akinikuta bado kwenye silabi, darasa langu atapewa mwalimu mwingine anayejua kukimbia.

Kukimbia huko wewe unakujua kuliko mimi, mama. Ulikaa darasani miaka saba, wakakuvusha kila mwaka pamoja na wenzako, ukatoka na cheti ambacho huwezi kusoma jina lako lililo juu yake. Hujawahi kulalamika. Basi mimi nalalamika kwa niaba yako. Inaniuma kila ninapokuandikia kwamba siwezi kukwambia neno mpaka lipitie mdomoni kwa Zuhura. Yapo mambo ya mama na mwana ambayo sijakuandikia kamwe kwa sababu hiyo. Zuhura, usinune, na hapo usiruke.

Jana Ijumaa, tukikaribia kutoka, Kabula alisimama ubaoni akasoma sentensi nzima, kidole kikifuata neno kwa neno: Mama ana ng'ombe. Halafu akageuka. "Madamu, Jumatatu tunaendelea hapa hapa?"

Nikamwambia ndiyo.

Nisalimie mjomba Bakari, mwambie namshukuru kwa miguu aliyoichosha bure. Nisalimie shangazi Mwanahawa anayekupikia ukizidiwa, na Mama Siti jirani yetu, asiuze machungwa mabichi kwa jina lako.

Wakininyang'anya darasa, nitawafundisha hawa watoto barazani kwangu baada ya masomo, waje wanikataze. Siku moja Kabula atakuwa na mtoto atakayekwenda mbali kama mimi nilivyokuja huku, na barua itamfikia. Nataka aipokee, aingie ndani, afunge mlango, aisome peke yake.

Mwanao,
Rehema