Vipimo Vyako, Wambui, Vina Jina la Mtu Mwingine

Wambui,

Ile ripoti yetu imechapishwa. Majina ni mawili: la mwalimu wetu wa chuo, halafu langu. Nimelitafuta lako mara tatu, hata kwenye shukrani. Ameandika tu "wanafunzi waliosaidia." Haki, Wambui. Waliosaidia!

Wewe ndiwe uliyekaa miezi kwenye ile meza ya plastiki kwenu Gitothua, ukipima galaksi moja moja kwenye kompyuta, zile zilizoacha kuzaa nyota. Mimi nilikuwa nachoka, nasema hizo zimekufa, twende tukakule. Ulikuwa unakasirika. "Nani amekuambia zimekufa? Kuja uone." Ukanionyesha: zile za mbali sana, ambazo tunaziona jinsi zilivyokuwa zamani, ni ndogo, zimebanana. Zile za karibu ni kubwa mara kadhaa. "Sasa kama hazizai, zimenenepa aje?" Halafu ukajijibu mwenyewe, ukicheka: zinameza galaksi ndogo za jirani, na nyota za wageni zinatandazwa huko pembeni. Zao wenyewe zinazeeka tu, zinazidi kuwa nyekundu.

Hayo yote yako kwenye ukurasa wa nne. Ni karibu maneno yako yenyewe.

Na ugonjwa wa figo ulipokuzidi, ukiwa umelazwa hospitali Thika, ulinipa faili zako. "Njeri, usiache mtu azichezee." Nikakubali. Wiki mbili baadaye tukakuzika.

Jumatatu nilimwendea mwalimu ofisini kumuuliza jina lako liko wapi. Hakuinua hata macho. "Marehemu hatafuti kazi. Wewe unatafuta." Nikamwambia asante, Wambui. Asante! Nikatoka. Yeye namchukia, lakini hiyo asante ndiyo inanichoma.

Jana nikampelekea mama yako nakala. Sijui nilifikiria nini. Alivaa miwani, akakaa vizuri, akasema, "Nionyeshe jina la mtoto wangu." Nikageuza kurasa kama mjinga, mwisho nikamwambia ukweli. Hakulia. Aliniuliza tu, "Na wewe ulikuwa wapi?" Kisha akatoka kwenda kuanua nguo, akaniacha kwa kiti. Niliondoka bila kuaga.

Leo asubuhi nimewaandikia wahariri wa jarida. Nimetuma faili zako zote, na tarehe zake. Nimesema jina lako liwe la kwanza, ama langu litolewe. Mwalimu ameshajua. Amepiga simu mara nne, sijashika. Pengine masomo yangu yameishia hapo. Usinisifu. Ningepaswa kufanya hivi Jumatatu ile ile, lakini nilingoja hadi mama yako akaniaibisha.

Pumzika, rafiki yangu. Wahariri wakikataa nitaandika tena, na tena, hadi wachoke na mimi. Na Jumapili baada ya kanisa nitarudi kwa mama yako, hata kama hatanifungulia geti.

Njeri