Kitabu Nilichompa Mugambi

Kanyakine, Jumatano, kabla ya kafyu

Nani alinituma kumpa Mugambi kitabu?

Yeye ni homgadi, mlinzi wa serikali kwenye lango la kijiji chetu, na kusoma amejifunza mwaka huu. Mwezi jana aliniambia, "Mwalimu, nipe hadithi inayoisha ndani ya kitabu kimoja. Siku hizi mtu hajui kama atafikia cha pili." Nikampa hadithi ya majini na mfalme wao. Niliona haina siasa, ni ndege wanaosema na mlima unaotembea.

Jana akaniuliza mfalme wa majini anakaa wilaya gani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Tangu ajue kusoma amesoma Biblia na pasi za ruhusa za wapita langoni tu, na kwake kilichoandikwa kimetokea.

Ndipo nikakumbuka ukurasa wa sitini. Vijana saba wanachinja mbuzi msituni na kula kiapo cha kumwondoa mfalme, sawasawa na wale wa msituni ambao serikali inawawinda sasa. Niliusahauje, mjinga mimi? Na jina langu liko ndani ya jalada, kwa wino.

Leo asubuhi nilimwomba anirudishie nimpe kingine kizuri zaidi. Alikataa. Anasoma kurasa mbili kwa siku, kidole kikifuata mstari, na leo ilikuwa zamu ya hamsini na nane.

Jioni hii nikipita langoni alinishika mkono, polepole, kama rafiki.

"Mwalimu, wameingia msituni. Wana mbuzi. Usiniambie wanaenda kufanya nini, nitasoma mwenyewe kesho. Halafu utanieleza ni vijana wa wapi, na wewe umewajuaje."