Neno la Mama Taofiki

Ilesa, 4 Septemba 1988

Kwako Mama Taofiki,

Pokea salamu zetu sote. Huku hatujambo, ila goti langu la kushoto linanisumbua mvua zikizidi. Natumaini hapo Ede u mzima, na nyumba yote ni ya heri.

Najua ukiona mwandiko huu utasema, huyu naye kafufuka wapi? Ni mimi Felisia, tuliyepanga nyumba moja, wewe chumba cha mbele na mimi cha nyuma, tukazaa mwaka mmoja, wewe wa kiume, mimi wa kike. Nisingekusumbua kama si hao hao watoto. Wamekutana chuo cha ualimu bila wewe wala mimi kujua. Ibidun aliponitajia jina la kijana na la mama yake, nilitafuta kiti nikakaa. Wanataka kuoana. Nimemtisha, nimemnunia, nimemwitia mchungaji, hatishiki. Anampenda mwanao, na mimi sina mtoto mwingine. Akimkosa huyu sijui nitamfanyaje.

Kwa hiyo shoga yangu, yale ya zamani tuyafukie. Yalikuwa maneno tu. Ila niulize kama mzazi: mwanangu atalazimishwa kusilimu? Ataambiwa asujudie lile jiwe la Maka? Ataruhusiwa kumtaja Yesu ndani ya nyumba? Baba Ibidun anasema niulize kwa adabu, nami nimeuliza kwa adabu.

Wako,
Mama Ibidun


Ede, 19 Septemba 1988

Kwako Mama Ibidun,

Amani iwe juu yako. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Goti Mungu alipe nafuu. Zamani lilikuwa goti zuri sana la kukimbilia mikutanoni.

Maneno tu, ndivyo ulivyosema? Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila sikukuu ya Ileya, Idi yetu ya kuchinja, nilikuletea paja la kondoo, na kila Krismasi uliniletea wali, hata tukawa hatushukuriani tena, ni kawaida. Ndipo akaja yule mhubiri wako wa Lagos. Mwaka ule ulinirudishia bakuli uani, majirani wote wakitazama, ukasema nyama hii imechinjiwa sanamu. Jumapili ukasimama mbele ya akina mama wa kanisa ukawafundisha kwamba tunaabudu jiwe, tunakunywa damu, dini yetu ililetwa kwa upanga, Mungu wetu ni wa Waarabu, na mwanamke kwetu hana kauli, ni kama mbuzi wa bwana. Na nani aliyekuwa akinunua chakula kwenye meza yangu pale langoni mwa shule ya misheni, kama si hao hao? Jumatatu nilipika maharage nikayarudisha nyumbani yote. Jumanne hivyo hivyo. Nilikaa pale na mwiko mkononi, wanawake niliowajua kwa majina ya watoto wao wakinipita wamegeuza nyuso. Nikafunga meza, nikarudi Ede kula kwa kaka yangu kama mjane wakati mume wangu yu hai.

Sasa umeuliza, nakujibu. Jiwe ni jiwe, halisikii wala haliumbi, na atakayeliabudu ameshatoka katika Uislamu. Upanga? Babu wa babu yangu alifundishwa sala na mchuuzi wa chumvi aliyelala barazani kwake. Panga lililokuwapo nyumba ile lilikuwa la kulimia viazi vikuu. Kondoo ni kumbukumbu ya Ibrahimu, huyo huyo wenu, na Kitabu chetu kinasema wazi kwamba nyama yake na damu yake havimfikii Mungu, kinachomfikia ni uchaji. Wala dini haikuzaliwa Uarabuni. Kwetu Adamu mwenyewe alimnyenyekea Mungu mmoja, na huo ndio Uislamu. Isa mwana wa Mariamu ni mtume wetu, anayemtukana si mwenzetu. Na mke Mkristo huolewa na Mwislamu akabaki na Biblia yake, maana hakuna kulazimishana katika dini. Haya ungeyajua zamani kama ungeniuliza mimi, niliyekuwa nalala upande wa pili wa ukuta wako. Ulimuuliza mtu wa Lagos.

Kuhusu ndoa, sijasema lolote. Wewe shona nguo zako.

Mama Taofiki


Ilesa, 20 Novemba 1988

Kwako mkwe wangu mtarajiwa,

Salamu kwa furaha. Goti limepona, nadhani ni kwa sababu ya habari njema.

Barua yako ilikuwa na pilipili, lakini nimeimeza. Nguo nimeshona kama ulivyosema. Sare ni ya kijani, na akina mama wote wa kanisa wamekwisha kuchukua vitambaa vyao. Baba Ibidun amekodi viti na turubai. Siku ni Jumamosi ya tarehe 17 Desemba. Nimewaambia watu mpaka Akure.

Nimeona unachelewesha jibu, kwa hiyo nimemtuma mtu kwa shemeji yako, Alhaji Raufu, mkubwa wa ukoo wa kijana. Amekubali papo hapo, tena amefurahi. Basi usijisumbue tena kuandika. Si kwenu haya ni mambo ya wanaume? Mwanamke kwenu husemewa. Wewe njoo tu ukae, ule, ucheze, mengine watamaliza wenyewe.

Ibidun anakusalimu sana. Amekonda kwa furaha, kama kuna kitu hicho.

Mama Ibidun


Ede, 12 Desemba 1988

Kwako Mama Ibidun,

Amani iwe juu yako na juu ya viti vyako vya kukodi.

Umesema mwanamke kwetu husemewa. Kaa chini, usome polepole.

Ulipomzaa Ibidun ulishikwa na homa, wakakulaza hospitali hujitambui, na mumeo alikuwa safarini. Mtoto aliachwa kwa nani? Kwangu. Uliambiwa kwamba nilimpa maziwa ya kopo, na kopo kweli lilikuwapo, lakini aliyatapika yote, akalia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa na Taofiki kifuani na maziwa yananivuja. Nilimchukua mwanao nikamnyonyesha, asubuhi, mchana na usiku, mpaka ulipotoka hospitali. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mnyonge na ulikuwa unalia kwa kukosa maziwa yako mwenyewe. Na shukrani niliyolipwa ni kurudishiwa bakuli.

Kwetu mtoto niliyemnyonyesha ni mwanangu. Ibidun ni dada yake Taofiki, kama vile nimemzaa. Kaka haoi dada. Nimekwenda kwa Alfa wetu, shehe wa msikiti, nikamweleza, na yeye amemwita Alhaji Raufu, na Alhaji Raufu ameondoa neno lake akiona haya. Wanaume wote wamekaa kimya, Felisia. Ni neno langu mimi, mwanamke mmoja, mbuzi wa bwana, nalo limeivunja ndoa yako zikiwa zimebaki siku tano.

Zile sare za kijani zitawafaa kwa Krismasi.

Mama Taofiki


Ilesa, 3 Januari 1989

Sidikatu,

Sikusalimu.

Niliposoma barua yako nilisema ni uongo mtupu. Nikavaa kofia yangu ya kanisani, nikaenda mpaka kwa Alfa mkuu wa hapa, ajue sikuja kuomba. Nilitaka aniambie kwamba umetunga. Akanikaribisha, akanipa maji, akaniambia kanuni hiyo ni ya kweli, tangu siku za Mtume wenu. Kwamba mwanamke alikuja akasema aliwanyonyesha wawili waliokwisha kuoana, na Mtume akamwambia mume aachane na mkewe kwa neno lile lile. Nikaenda kwa mke wa mwenye nyumba yetu ya zamani. Haoni tena, lakini akili anayo. Akasema, "Sidikatu? Si aliwapakata wote wawili, huyu huku, huyu kule? Nilimwonya atakauka." Basi ni kweli. Nimelimeza hilo. Kwa hilo peke yake ningekuandikia asante, maana mwanangu angekufa.

Lakini Ibidun amenieleza jambo jingine. Alikuja kwako Ede mwezi wa mfungo uliopita, kabla mimi sijaandika hata neno. Taofiki alimleta afuturu kwenu. Ulimuuliza mama yako nani, wa wapi. Alipokutajia ulicheka, ukamkumbatia, ukamwambia karibu mwanangu, ukamjazia sahani. Akarudi akisema mama mkwe wake ni asali.

Ulijua! Ulijua siku ile, wakati walikuwa bado wanaoneana haya, na neno moja lingetosha. Ukawaacha wapendane. Ukanisubiri nikaite watu.

Nilirudi kwa Alfa nikamwambia na hilo. Alishika ndevu zake, akasema, "Mama, Mwislamu akijua jambo kama hili hulisema siku hiyo hiyo. Huyo hakufuata dini, amefuata nafsi yake."

Miaka yote hii nilidhani dini yenu ndiyo isiyo na huruma. Nimekaa na yule mzee saa nzima, sikuona huo ukatili niliowahubiria watu. Ni wewe tu.

Ibidun yuko kitandani. Akila anatapika, kama kile kichanga ulichokinyonyesha.

Felisia


Ede, 25 Januari 1989

Felisia,

Mimi nakusalimu, maana nimelala vizuri.

Ndiyo, nilijua. Alipotaja jina lako ile nyama ya futari iligeuka sukari kinywani mwangu. Nilisema, Mungu mkubwa, amemleta mwenyewe na miguu yake. Ningesema siku ile ungepata nini? Ungelia kidogo chumbani, basi. Nilitaka uite watu. Nilitaka akina mama wale wale wa kanisa wavae, waje, wakae kwenye viti, wangoje. Ulinivua nguo mbele za watu, nami nimekuvua mbele ya watu hao hao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, eti? Kwa binadamu mchungu. Sasa umeujua uchungu wake.

Usinitajie Alfa. Nitajibizana na Mungu mwenyewe kwa hilo, na ninayo hoja. Nina maharage yangu ya Jumatatu na ya Jumanne.

Taofiki amerudi kazini kwake bila kuniaga. Atapoa. Vijana hupoa.

Mama Taofiki


Ede, 17 Aprili 1989

Kwako Mama Ibidun,

Amani iwe juu yako. Mfungo umetufikia tena, sisi wazima wa mwili.

Hujanijibu, na sikutaka unijibu. Leo nataka.

Taofiki alikuja wiki iliyopita. Hakukaa. Alisimama mlangoni kwa viatu akauliza, "Mama, siku ile uliyomkumbatia, ulikuwa unajua?" Sijui nani alimwambia, wewe au msichana. Nilikuwa nimefunga, ningetamkaje uongo? Nikasema ndiyo. Nilianza kumweleza habari zako, bakuli, meza yangu, jinsi alivyolala njaa akiwa mdogo kwa sababu yako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile, ningekuwa nimepata dada. Ningefurahi, Mama. Tungerudi nyumbani tunacheka." Akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani bila kitambaa kichwani.

Nimekwenda shuleni kwake, wanasema ameomba uhamisho. Alhaji Raufu hajui alipo, au anajua na hataki kusema. Ni mwanangu wa pekee, Felisia, wengine nimewazika. Sikuombi msamaha, usije ukadhani. Naomba anwani tu. Kama yuko hapo kwenu niambie anakula. Ana tumbo baya akila pilipili nyingi.

Mama Taofiki


Ilesa, 9 Februari 1990

Kwako Mama Taofiki,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo kabisa, na goti langu limetulia. Natumaini na wewe u mzima. Barua zako zote zimenifikia, ile ya Aprili na zile nyingine baadaye. Nilizisoma moja moja.

Taofiki yuko kwetu tangu mwezi ule wa mfungo. Anafundisha hesabu shule ya hapa mtaani. Amepewa chumba cha mbele, na Baba Ibidun aliuliza watu wa msikitini kibla iko upande gani, wakahamisha kitanda kisimzuie. Mwezi wa mfungo mimi ndiye niliyekuwa naamka kumpashia daku. Akina mama wa kanisa waliniuliza kulikoni. Nikawaambia yale niliyowafundisha zamani niliyafundisha bila kujua, na atakayemgeuzia uso kijana huyu asinijie tena kwangu. Pilipili natia kidogo.

Ibidun amepona. Ilichukua muda mrefu. Mwanzoni hawakuweza kukaa chumba kimoja, mmoja akiingia mwingine anatoka. Sasa wanagombania gazeti, kama ndugu wengine wote. Jumamosi ya tarehe 24 anaolewa na mwalimu wa Ijebu, kijana mpole. Atakayemshika mkono kumtoa nyumbani ni Taofiki, kaka yake. Alfa amesema ni ndugu yake kweli, na hakuna wa kumzuia.

Tulizungumza habari zako, maana kwa kanuni hiyo hiyo wewe ni mama yake Ibidun, na mama hakosi kiti kwenye harusi ya mwanawe. Ibidun ndiye aliyesema uwekewe, upande wangu wa kulia. Mimi sikusema ndiyo wala hapana. Nilimwachia Taofiki aamue. Akasema viti vilivyopo vinatosha, kisiongezwe kingine.

Wasalimie wote hapo Ede.

Mama wa Ibidun na wa Taofiki