Weupe wa Nyuma ya Kalenda

Kitinda mimba wangu,

Chai iko kwenye chupa, uinywe ukirudi. Ufunguo uko mahali pake. Kompyuta yangu ~~usiiguse~~ iguse.

Asubuhi nilikufokea bure. Uliposema picha ya mama yako imekuwa ya njano, ukapandisha weupe wa skrini hadi 6500, ule unaovuta kwenye buluu, niliona umemgeuza mgonjwa. Nikasema baada ya miaka ishirini ya kusafisha picha za watu, sifundishwi na mtoto wa juzi. Nikarudisha namba yangu. Ukaubamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka.

Nilipoinama kuiokota nikauona ukuta.

Kila mwaka mimi hulinganisha weupe wa skrini na ukuta huu, kwa sababu aliupaka rangi mama yako, wewe ukiwa tumboni, matone meupe yamejaa nywele zake. Kumbe ukuta umekuwa ukigeuka njano polepole, nami nikigeuka nao. Nyuma ya kalenda kimebaki kipande cha mraba, cheupe kama siku ile. Nimekikodolea macho sijui kwa muda gani. Nilihisi nikigeuka tu nitamkuta na brashi mkononi, ananicheka.

Nimekwenda kununua karatasi za kuchapia. Rudisha namba yako, ndiyo inayofanana na kile kipande. Na mlango nao una bawaba, mwanangu, sio chuma cha reli cha kugongwagongwa.

Ukimaliza, itundike kalenda pale pale. Jua lisimfikie.

Baba yako, mbishi